Paul Brown: kocha mwenye alipima wachezaji kwa kaye, saa na jicho

Kila mwaka, mwezi wa nne, ekipe 32 za mpira wa Kimarekani zinakaa kuchagua vijana wenye wanatoka kwenye vyuo vikuu. Kuna nafasi moja yenye inatia makocha wote homa: kwatabeki. Ni yeye anapokea mpira kila shambulio linapoanza. Ni yeye anaamua, ndani ya sekunde mbili tatu, kama atarusha mpira, ataurushia nani, ao atakimbia nao mwenyewe. Ekipe ikimkosea, miaka inapotea. Ikimpata, inaishi vizuri miaka kumi.

Namna ya kumpima huyu mtu, ni kusema mtihani wa akili, saa ya kuhesabu mbio, filamu ya kila mechi, kwa sehemu kubwa ilitoka kwa mtu moja: Paul Brown wa Ohio, mwenye alikufa mwaka wa 1991. Maisha yake inaonyesha nguvu ya vipimo hivi. Inaonyesha pia mahali nguvu hiyo inaishia.

Kijana mwepesi wa Massillon

Paul Eugene Brown alizaliwa tarehe 7 Septemba 1908 huko Norwalk, mji mdogo wa jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na jamaa ilihamia Massillon, mji wa viwanda vya chuma wenye kupenda sana mpira wa shule yake ya sekondari. Paul alikuwa kwatabeki wa shule ile, lakini mwili wake ulikuwa mwepesi. Hakufikia kilo 70. Alipoingia katika chuo kikuu cha Ohio State, hakuvuka hata majaribio ya ekipe. Akahamia Miami University, chuo cha mji wa Oxford, palepale Ohio, na huko ndiko alicheza mpaka akamaliza masomo mwaka wa 1930.

Mtu mwenye alikataliwa ju ya kilo zake angeweza kuchukia mambo ya kupima watu. Brown alitoka pale na swali ingine: kama kilo hazisemi yote, ni kitu gani kinasema?

Mwaka wa 1932, akiwa na miaka 23 tu, alirudi Massillon kuwa kocha wa shule yake ya zamani. Katika misimu tisa alishinda mechi 80, akapoteza 8, akatoka sare 2. Alikuwa mwalimu, na mpira aliuendesha sawa vile darasa. Wachezaji walikaa kwenye mabenchi, wakaandika kila mpango wa mchezo kwa mkono wao wenyewe katika kaye, kisha wakafanya mtihani. Brown aliamini kwamba mwenye hawezi kueleza kazi yake kwenye karatasi hataifanya vizuri wakati watu maelfu wanapiga kelele na adui anakuja mbio.

Siku alipigwa na mtu wake

Mwaka wa 1941 Ohio State, kile chuo chenye kilimwona mdogo, kilimwita awe kocha mkuu. Mwaka wa pili tu, 1942, ekipe yake ilihesabiwa ya kwanza katika vyuo vyote vya Marekani. Lakini mechi yenye ilibadilisha maisha yake ni ile alipoteza. Katika msimu wa 1941 Ohio State ilipigwa mara moja tu, 14 kwa 7, na Northwestern. Kijana moja wa Northwestern, Otto Graham, alirusha mipira miwili yenye ilizaa pointi.

Graham hakuwa mtu wa kawaida katika mchezo huu. Alikuwa mtoto wa walimu wa muziki, anajua kupiga vyombo mbalimbali. Northwestern walikuwa wamemchukua ju ya basketi. Kocha wa mpira alimwona baadaye, katika michezo ya wanafunzi ya kujifurahisha. Tena hakucheza kwatabeki kwa namna yenye Brown alitaka. Katika mfumo wa Northwestern alisimama nyuma, mbali na mpira, akikimbia nao ao kuurusha. Kocha mwengine angesema huyu si kwatabeki, akafunga kaye yake.

Brown aliona kitu kingine. Graham alikuwa anakimbia upande moja na kundi lote la walinzi likimfuata, kisha bila kusimama muzuri akarusha mpira upande ingine, mpaka mikononi mwa mwenzake. Macho yake yaliona kiwanja chote. Mikono yake ilicheza na mpira sawa mtu wa basketi. Na hakuonekana kuwa na haraka hata wakati kila kitu kilikuwa kinabomoka. Mambo haya matatu hayapimwi kwa saa wala kwa kilo.

Vita ya pili ya dunia ilipeleka wote wawili katika jeshi la maji. Brown aliongoza ekipe ya kambi ya Great Lakes, karibu na Chicago. Mwaka wa 1945 ekipe hiyo ya askari ilipiga Notre Dame 39 kwa 7. Wakati ule ligi mpya ilikuwa inaundwa, na mji wa Cleveland ulimpa Brown ekipe yote aitengeneze anavyotaka. Mchezaji wa kwanza kumtafuta alikuwa Graham, angali askari. Alimwahidi dola 7.500 kwa mwaka, na juu yake dola 250 kila mwezi mpaka vita itakapoisha. Wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi kwa mchezaji. Brown alikuwa analipia kitu chenye alikiona kwa macho yake, wakati ekipe ingine zingali zinasoma orodha.

Vipimo vya Cleveland

Ekipe ya Cleveland iliitwa Browns, kwa jina lake. Pale ndipo alianzisha mambo mingi yenye leo kila kocha anaona ni ya kawaida. Wasaidizi wake walifanya kazi mwaka mzima, si wakati wa msimu peke yake. Wachezaji walipewa mtihani wa akili. Filamu ya kila mechi iliangaliwa tena na tena, na kila mchezaji akapewa alama kwa kila tendo, sawa mwanafunzi.

Mbio nayo alizipima kwa namna yake. Zamani watu walipima yadi 100 za wanariadha. Brown akasema hakuna mchezaji anakimbia hivyo katika mechi. Alichagua yadi 40, karibu mita 37, ju huo ndio umbali mpira unafika ukipigwa kwa mguu na wachezaji wanapaswa kuufuata. Leo kijana yeyote mwenye kutaka kuingia katika ligi anakimbia yadi 40 mbele ya makocha na saa zao, na wengi hawajui kwa nini ni 40 na si 50.

Kuna kipimo kimoja alikataa kukitumia: rangi ya ngozi. Tangu mwaka wa 1934 mpaka 1945 ligi kubwa ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata moja. Mwaka wa 1946 Brown aliita Bill Willis, mwenye alicheza chini yake Ohio State, na Marion Motley, mwenye alicheza chini yake jeshini. Ilikuwa mwaka moja mbele Jackie Robinson aingie katika besiboli kubwa. Mwezi wa kumi na mbili ekipe iliposafiri kucheza Miami, katika Florida ya ubaguzi, wote wawili walibakia nyumbani, ju kule hawakuruhusiwa kucheza pamoja na wazungu. Lakini kazi yao ilisema yenyewe: wote wawili waliingia katika nyumba ya heshima ya mpira huu.

Hata vile, nafasi ya kwatabeki ilibakia imefungwa kwa weusi miaka mingi katika ligi nzima. Vijana weusi wenye walicheza kwatabeki chuoni waliambiwa wakienda ligi kubwa wakimbie, walinde ao wapokee mipira ya wengine. Marlin Briscoe alichaguliwa na Denver awe mlinzi; alianza mechi kama kwatabeki mwaka wa 1968 tu, kisha akageuzwa tena mpokeaji. Makocha walisema wanapima akili na uongozi, kumbe kwa watu wengine jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya mtihani.

Miaka kumi, fainali kumi

Kwa Graham, jicho la Brown halikukosea. Cleveland ilishinda kombe la ligi ile mpya miaka yote minne, tangu 1946 mpaka 1949. Mwaka wa 1948 haikupoteza mechi hata moja. Watu wa NFL walicheka wakisema ni ligi ya watoto. Mwaka wa 1950 Browns wakaingizwa NFL, na mechi ya kwanza wakapewa Philadelphia, mabingwa. Cleveland ilishinda 35 kwa 10. Mwisho wa mwaka ule ilichukua kombe kwa kupiga Los Angeles Rams 30 kwa 28, mguu wa Lou Groza ukileta pointi za mwisho wakati zilibakia sekunde 28.

Graham alicheza misimu kumi, akafika fainali kumi, akashinda saba. Katika fainali ya 1954, yenye Cleveland ilishinda Detroit 56 kwa 10, alirusha mara tatu kwa pointi na kuingia mwenyewe mara tatu.

Lakini kati ya kocha na kwatabeki wake kulikuwa jambo lenye halikuisha. Brown ndiye aliamua kila mpango. Alituma mchezaji kutoka pembeni na maneno, mwingine akatoka, na Graham akapaswa kutii. Graham hakupenda jambo hilo. Kocha mwenye alimchagua ju ya akili na utulivu wake ndiye alimnyima nafasi ya kuamua mpango. Ile yenye ilibakia kwa Graham ni zile sekunde mbili tatu nyuma ya mpira, pale mpango unaharibika na hakuna mjumbe anaweza kufika.

Mwaka wa 1956 Brown alienda mbali zaidi. Aliweka radio ndogo ndani ya kaske ya kwatabeki George Ratterman, kusudi amsemeshe moja kwa moja. Mkuu wa ligi, Bert Bell, akakataza mwaka uleule. Ligi iliruhusu jambo hilo mwaka wa 1994 tu, na leo kila kwatabeki anasikia sauti ya kocha wake katika sikio.

Pale jicho lilikosa

Tangu Graham alikuwa karibu kuondoka, Brown alianza kutafuta mwengine, na hapo ndipo hadithi inakuwa ngumu. Mwaka wa 1954 Cleveland ilipata nafasi ya kuchagua wa kwanza katika nchi yote. Ilichukua Bobby Garrett, kwatabeki wa Stanford, mkono muzuri sana. Lakini Garrett alikuwa na kigugumizi, na kwatabeki anapaswa kukusanya wenzake katika duara na kuwapa mpango kwa maneno, haraka, mbele saa haijaisha. Mbele hajacheza mechi hata moja ya msimu na Cleveland, alipelekwa Green Bay. Katika NFL alicheza mwaka moja tu. Mkono ulikuwa umepimwa, miguu pia. Sauti haikuwa na mahali pake katika kaye.

Mwaka wa 1957 Brown alitaka tena kwatabeki. Pittsburgh, yenye ilichagua mbele yake, ikamchukua Len Dawson wa Purdue. Cleveland, nafasi ya sita, ikachukua mkimbiaji mwenye jina Jim Brown, mwenye akawa moja wa wakubwa kabisa wa mchezo huu. Bahati ilikuja kwa mlango wa nyuma.

Lakini Dawson mwenyewe alikuja Cleveland mwaka wa 1960. Kwa misimu miwili Paul Brown alimwona kila siku mazoezini. Alikuwa naye mbele ya macho, na filamu, na alama, na kila kipimo. Karibu hakumchezesha, na mwaka wa 1962 akamwacha aende. Hank Stram, mwenye alimfundisha Dawson chuoni, alimpokea katika ekipe yenye baadaye iliitwa Kansas City Chiefs. Mwezi wa kwanza wa 1970 Dawson alishinda Super Bowl na kuitwa mchezaji bora wa mechi ile. Kijana ni yuleyule. Ile yenye ilibadilika ni kocha mwenye alimwamini, na muda wenye alipewa kucheza na kukosea.

Kufukuzwa, na kuanza upya

Mwaka wa 1961 Art Modell alinunua Browns. Wawili hao hawakuelewana, na mwezi wa kwanza wa 1963 Modell alimfukuza mtu mwenye jina lake lilikuwa jina la ekipe. Magazeti ya Cleveland yalikuwa katika mgomo, kwa hiyo mji haukupata hata gazeti lake la kusoma habari hiyo. Brown alikaa miaka mitano bila ekipe.

Mwaka wa 1968 alirudi, na ekipe mpya, Cincinnati Bengals, akiwa mwenyewe kati ya wenye mali. Mwaka wenye kufuata alichagua Greg Cook, kijana wa Cincinnati palepale, na kila mtu mwenye alimwona alisema huyu amezaliwa kwa kazi hii. Katika mechi ya tatu ya msimu bega lake likaumia. Alimaliza mwaka akiwa na maumivu, na kazi yake ikaisha karibu palepale. Hakuna mtihani unaweza kuona mbele namna bega litavunjika.

Mwaka wa 1971 Brown alituma msaidizi wake, Bill Walsh, kumwangalia kijana wa Augustana, chuo kidogo cha Rock Island, Illinois. Pale hapakuwa na viwanja vikubwa wala makocha wengi wa kuandika. Kijana, Ken Anderson, alicheza pia basketi, sawa vile Graham. Bengals walimchukua katika raundi ya tatu, namba 67. Mara hii Brown na Walsh walikuwa na uvumilivu: walimfundisha miguu, hatua, mipira mifupi, moja kwa moja. Anderson aliongoza ligi katika kipimo cha kurusha misimu minne, na mwaka wa 1981 aliitwa mchezaji bora wa NFL.

Brown aliacha ukocha mwanzoni mwa 1976, akabakia mkubwa wa ekipe. Wengi walifikiri kiti ni cha Walsh. Brown akampa mwengine, Bill Johnson. Walsh akaondoka na uchungu. Miaka mitatu baadaye, akiwa kocha wa San Francisco, Walsh alichagua kwatabeki mwenye wengi walisema mkono wake ni dhaifu, Joe Montana, raundi ya tatu, namba 82. Walsh alikuwa ameangalia miguu yake: nyepesi, haraka, tayari kurusha saa yoyote.

Tarehe 24 Januari 1982 hao vijana wawili wa raundi ya tatu walikutana katika Super Bowl huko Pontiac, Michigan. San Francisco ya Walsh ilishinda Cincinnati ya Brown 26 kwa 21. Miaka saba baadaye walikutana tena, na Walsh akashinda tena, 20 kwa 16. Mtu mwenye Brown alimfundisha namna ya kupima watu, na mwenye yeye mwenyewe hakumpa nafasi, ndiye alimzuia mara mbili kupata kombe la mwisho.

Paul Brown alikufa tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 82. Cleveland angali inabeba jina lake. Leo vijana wanakusanyika kila mwaka Indianapolis, wanapimwa urefu, kilo, mikono, mbio za yadi 40. Mtihani wa akili wa maswali 50 katika dakika 12, wenye ligi ilitumia miaka mingi, uliondolewa pale mwaka wa 2022. Lakini makocha wanaendelea kumwita kwatabeki katika chumba kidogo, wanamwonyesha filamu ya mechi aliyopoteza, wanampa kalamu mbele ya ubao, na wanamwomba aeleze kila mtu alipaswa kusimama wapi. Kazi hiyo Brown aliianza Massillon, katika darasa la sekondari, na watoto wenye kaye mkononi.